Barafu Haidanganyi

Kipimajoto hakiaminiki kwa sababu ni kipya, wala kwa sababu kimetoka kiwandani na muhuri. Huaminika baada ya kuulizwa swali ambalo jibu lake linajulikana tayari. Kwa mpimaji wa Magu, wilaya iliyo kando ya Ziwa Victoria, awe anashughulika na chanjo, maabara au samaki, swali hilo ni barafu.

Namna ya kuuliza ni hii. Huchukua barafu iliyogandishwa kwa maji safi ya kunywa, huifunga kwenye kitambaa na kuiponda hadi iwe chenga ndogo. Hujaza chenga hizo kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, kisha humimina maji baridi polepole hadi yajaze nafasi zilizo katikati ya chenga. Maji yakizidi, barafu huelea juu na kuacha maji matupu chini, kwa hiyo huyapunguza. Hukoroga, husubiri, hukoroga tena. Ndipo hutumbukiza kipimajoto katikati, ncha yake isiguse kitako wala ubavu wa chupa, kwa sababu chupa nayo ina joto lake. Mwenye haraka atasoma 2 na kuiandika. Mwenye ufundi huingoja namba ishuke, itulie, na ibaki palepale anaposoma mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kama ni kipimajoto cha kioo, huinama hadi macho yawe sawa na kilele cha kimiminika, maana anayetazama kutoka juu huona namba moja na anayetazama kutoka chini huona nyingine.

Kikisoma 0, vema. Kikisoma 0.5 hakitupwi, ila hubandikwa karatasi ndogo: punguza 0.5. Tangu hapo kila atakayekitumia atatoa nusu kabla ya kuandika.

Naipenda kazi hii kuliko nyingi nilizowahi kuzitazama, kwa sababu haitegemei cheo cha anayepima wala bei ya chombo. Barafu safi inayoyeyuka ndani ya maji yake ina joto moja tu, iwe imepondwa Magu, Unguja au Stockholm. Celsius huliita joto hilo 0. Fahrenheit huliita 32. Kelvin huliita 273.15. Réaumur, Mfaransa ambaye skeli yake ya miaka ya 1730 ilienea Ulaya kabla ya kusahaulika, aliliita 0 pia, ila yeye alihesabu hatua 80 tu kutoka hapo hadi maji yachemke. Habari yote ya jinsi skeli zinavyohusiana huanzia kwenye chupa hiyo ya barafu: joto moja lililopewa namba mbalimbali, na kila namba ina sababu yake.

Mwanafunzi makini atauliza hapo hapo: mbona vitabu vinataja alama mbili, kuganda na kuchemka? Kwa nini mpimaji wa Magu ashikilie moja?

Jibu liko jikoni. Injika sufuria ya maji Magu mjini, yatokote hasa, kisha tumbukiza kipimajoto kilichopita mtihani wa barafu. Hakitafika 100. Kitasimama karibu na 96, na hata ukiongeza kuni hakitapanda. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji uko juu kidogo ya hapo. Hewa inayokandamiza maji ya sufuria hiyo ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ile inayokandamiza sufuria ya Bagamoyo. Maji yakikandamizwa kidogo huchemka mapema, na kwa makadirio ya haraka kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi moja ya Celsius. Barafu nayo haijali. Mabadiliko ya kuyeyuka kwake kutoka pwani hadi Magu hayafiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Tuseme fundi wa Magu ametengeneza kipimajoto cha kioo, akaweka alama ya 0 kwenye barafu na alama ya 100 kwenye mvuke wa sufuria yake, kisha akagawa katikati sawasawa. Mtoto mzima wa afya, mwenye nyuzi 37, akipimwa kwa chombo hicho ataonekana ana 38.5. Atanyweshwa dawa ya homa ambayo hana.

Anders Celsius aliliona jambo hili mapema. Alikuwa profesa wa falaki mjini Uppsala, Sweden, na mwaka 1742 alitoa maelezo ya alama mbili zinazoweza kutegemewa kwenye kipimajoto. Alionyesha kwamba joto la barafu inayoyeyuka halibadiliki kwa mahali wala kwa mgandamizo wa hewa, na kwamba la maji yanayochemka hubadilika. Ndiyo maana hakusema tu “maji yakichemka”; alisema yachemke hewa ikiwa na mgandamizo gani. Umahiri wake mimi nauona katika sharti hilo kuliko katika kugawa mia. Kugawa mia ni rahisi. Kujua kwamba alama moja ni imara na nyingine ina masharti, kisha kuyaandika masharti hayo, kulihitaji majira mengi ya kupima. Yeye mwenyewe aliipanga skeli kinyume na tulivyoizoea: kuchemka kulikuwa 0 na kuganda 100. Alifariki mwaka 1744, na muda mfupi baadaye skeli ikageuzwa kuwa hii tunayoitumia.

Kuchemka huku kusikotulia kuna faida yake pia, na historia ya pwani ya Magu inaijua. Ghuba iliyo mbele ya wilaya hii inaitwa Ghuba ya Speke, jina ambalo msafiri Stanley aliipa mwaka 1875 alipolizunguka Ziwa. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke mwenyewe alifika Mwanza kwa miguu mwanzoni mwa Agosti 1858, akitokea Kazeh, yaani Tabora, akiwa na msaidizi wake Sidi Mubarak Bombay. Ili kujua ziwa liko juu kiasi gani, alichemsha maji, akasoma kipimajoto chake cha Fahrenheit, akatafsiri nyuzi zilizopungua kuwa futi za kimo. Pwani ya bahari maji huchemka kwa 212 za Fahrenheit. Kwenye usawa wa Ziwa huchemka kwa takriban 205. Kimo alichokipata hakikuwa mbali na futi 3,720 zinazojulikana leo. Miezi michache kabla ya hapo, kule Ziwa Tanganyika, kipimo cha namna hiyo hiyo kilitoa futi zipatazo 1,850, ilhali ziwa hilo liko juu kwa zaidi ya futi 2,500. Kwa njia hii nyuzi moja ya Fahrenheit ina uzito wa futi zaidi ya 500. Kosa la nyuzi moja na ushei, ambalo mtu asingelisikia kwenye ngozi yake, liliteremsha ziwa zima kwa kimo cha mlima mdogo. Msafiri wa miezi mingi porini hakuwa na barafu ya kukiuliza kipimajoto chake kama bado kinasema kweli.

Tumeshataja 32 na 212, basi tumtendee haki aliyeziacha. Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig mwaka 1686, akaishi Amsterdam akitengeneza vyombo vya vipimo. Enzi zake kila kipimajoto kilikuwa na lugha yake. Cha fundi huyu hakikulingana na cha fundi yule, na hata vya fundi mmoja viligombana. Mwaka 1714 alimpatia mwanazuoni Christian Wolff vipimajoto viwili vilivyosoma namba sawa, na Wolff akaona ni jambo la kuandikiwa makala. Tunaonunua vipimajoto dukani tunasahau kwamba zamani vyombo viwili kukubaliana ilikuwa ajabu. Ili kufika hapo ilibidi Fahrenheit apate mrija wa kioo wenye tundu la upana uleule kutoka chini hadi juu, asafishe zebaki, na aweke alama zake mahali pasipohama. Mwaka 1724 alizieleza: 0 kwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, 32 kwa barafu na maji bila chumvi, 96 kwa joto la mwili wa mtu mzima wa afya, mdomoni au kwapani. Kati ya 32 na 96 kuna hatua 64, namba inayogawika nusu kwa nusu mpaka ibaki moja, na kugawa nusu ndiyo kazi ambayo mkono wa fundi huifanya kwa uhakika kuliko zote. Baadaye skeli ilirekebishwa ili kuchemka kwa maji kukae kwenye 212 kamili, na joto la mwili likasogea juu ya 96.

Tazama sasa: 96 ya Fahrenheit ilikuwa joto la kwapa, na 96 ya Celsius ni maji yanayotokota Magu. Moja inabembeleza, nyingine inaunguza. Ndiyo sababu mpimaji aliyefunzwa haandiki namba peke yake; huandika namba na herufi ya skeli yake, C au F, hata kama kila aliye chumbani anajua.

Watu wa Magu tayari wanaishi na jambo linalokaribiana na hili. Saa moja asubuhi ya kwetu ndiyo saba ya kwenye simu. Wakati ni uleule, mwanzo wa kuhesabu ndio tofauti, na kutoa sita kunatosha kwa sababu saa zote zina urefu sawa. Kwa joto, mwanzo unatofautiana na hatua zenyewe pia zinatofautiana. Kutoka barafu hadi mvuke Celsius ana hatua 100 na Fahrenheit ana 180. Hatua moja ya Celsius ni sawa na 1.8 za Fahrenheit. Kwa hiyo anayevuka kutoka Celsius huzidisha kwanza kwa 1.8 ili kurekebisha ukubwa wa hatua, ndipo anaongeza 32 ili kurekebisha mwanzo. Anayerudi hutoa 32 kwanza, kisha hugawa. Ukiuvuruga mpangilio huo umepotea.

Kuna njia ya kichwani ambayo wazoefu huipenda. Chukua nyuzi za Celsius, zidisha kwa mbili, toa sehemu moja ya kumi ya jibu, ongeza 32. Maji ya juu ya Ziwa hukaa karibu na nyuzi 25 sehemu kubwa ya mwaka: 50, toa 5, inabaki 45, ongeza 32, unapata 77. Ni jibu kamili, si makadirio. Siku ya jua kali ya nyuzi 35: 70, toa 7, 63, ongeza 32, unapata 95. Njia hii huwafaa wenye ndugu Marekani. Aliyeko Minnesota akisema leo ni 20, aliyeko Magu anaweza kudhani ni kipupwe kizuri, kumbe ni karibu 7 chini ya sifuri ya Celsius na maziwa ya huko yameganda.

Lakini ufundi wa kweli unaonekana pale mtu anapojua lini asiongeze 32. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unataja kuzuia ongezeko la joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5 za Celsius. Kwa Fahrenheit hilo ni ongezeko la 2.7. Aliyeshika kanuni bila kuielewa ataandika 34.7 na kutangaza maangamizi. Ongezeko halina mwanzo. Ni umbali kati ya joto mbili, na umbali hurekebishwa kwa ukubwa wa hatua tu. Friji likipanda kutoka 4 hadi 9 limepanda nyuzi 5 za Celsius, au 9 za Fahrenheit, na 32 haina kazi hapo.

Skeli hizi mbili hukutana mahali pamoja tu: 40 chini ya sifuri ni ileile kwa zote. Inapendeza kwamba kipimajoto cha zebaki, kilichozibeba zote mbili kwa karne nyingi, hakiwezi kupashuhudia mahali hapo. Zebaki huganda kwenye 38.8 chini ya sifuri ya Celsius. Hapo ni lazima utumie pombe, au chombo cha umeme.

Nchi yetu imepimwa kwa skeli zote mbili. Wajerumani walipoanza kuweka kumbukumbu za hali ya hewa katika Afrika Mashariki yao, waliandika kwa Celsius. Waingereza waliposhika Tanganyika walileta Fahrenheit, na idara ya hali ya hewa waliyoianzisha kwa ajili ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi, ilijaza madaftari kwa nyuzi hizo. Kisha tukarudi kwenye Celsius. Mtafiti anayetaka kujua joto la kanda ya Ziwa limebadilikaje kwa miaka mia moja lazima ayaunganishe madaftari hayo bila kuacha mshono unaoonekana kama mabadiliko ya tabianchi.

Hiyo ni kazi ya mikono tulivu. Namba 82 kwenye daftari la zamani, ikiwa msomaji alizungusha hadi namba nzima, ina maana ya joto lolote kati ya 81.5 na 82.5. Kwa Celsius ni kati ya 27.5 na 28.1. Mwenye pupa ataandika 28 na kuendelea. Akifanya hivyo kwa mwezi mzima amezungusha mara mbili, na makosa madogo yanaweza kuegemea upande mmoja. Mwenye ufundi huziacha namba za siku kama zilivyo, hutafuta wastani wake kwa Fahrenheit, na kugeuza wastani huo mwishoni, akibakiza nukta moja tu ya desimali. Huwa pia anakumbuka kwamba nyuzi nzima ya Fahrenheit ni ndogo kuliko nyuzi nzima ya Celsius, kwa hiyo daftari la Mwingereza aliyeandika namba nzima linaweza kuwa na undani kuliko la Mjerumani aliyeandika namba nzima. Ubora wa kipimo haumo kwenye jina la skeli.

Nyuma ya kila namba ya daftari hilo kuna mtu aliyetembea hadi kwenye kisanduku cheupe chenye mbao za mianya, kilichoinuliwa kwa nguzo juu ya nyasi. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, mvua ikinyesha au isinyeshe, waangalizi wa hali ya hewa wamefungua mlango wa kisanduku kama hicho, wakazuia pumzi isipulize ncha, wakasoma sehemu ya kumi kwanza na namba nzima baadaye, kwa sababu sehemu ya kumi ndiyo inayokimbia mwili wa msomaji unapokaribia. Halafu wakasoma tena kuhakikisha hawajaruka nyuzi tano au kumi. Kizazi baada ya kizazi cha kazi hiyo ndicho kinachotuwezesha leo kuzungumzia joto la zamani kwa ujasiri.

Kwenye samaki, skeli mbili zimeacha alama nyingine. Sangara aliyegandishwa kwa ajili ya kuuzwa nje lazima akae kwenye 18 chini ya sifuri ya Celsius au baridi zaidi. Kwa nini 18, si 15 wala 20? Igeuze: 18 chini ya sifuri ni karibu kabisa na 0 ya Fahrenheit. Namba iliyokuwa nzima na nyepesi kukumbuka kwa Wamarekani imevuka kwenda Celsius na kuonekana kama imechaguliwa kwa siri. Ajabu zaidi ni kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu samaki mbichi asiyegandishwa. Inataka awekwe kwenye joto linalokaribia lile la barafu inayoyeyuka. Sheria yenyewe imerudi kwenye chenga za barafu. Mchukuzi anayepakia sato na sangara mwaloni, tabaka la samaki, tabaka la barafu, akiacha maji yachuruzike chini, anaitekeleza sheria hiyo kwa mkono. Barafu ikiwa bado ipo na imegusana na samaki pande zote, haina haja ya kuulizwa nyuzi ngapi.

Zahanati ndiko ninakoona ufundi huu ukiwa na thamani kubwa kuliko popote. Vipimajoto vya zebaki vinaondoka, kwa kuwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umetaka hivyo ili kulinda watu na maji dhidi ya sumu yake, na mahali pake vimekuja vya betri. Vingi vina kitufe kinachobadilisha C kuwa F, na kidole cha mtoto hukigusa bila kujua. Mama anakuja mbio asubuhi, mtoto mgongoni, kipimajoto cha nyumbani kimesoma 98.

“Mwangaluka, mayu. Hebu nikione,” muuguzi husema, akikichukua kwa mikono miwili.

Hukigeuza, humwonyesha herufi ndogo pembeni mwa namba, hubonyeza, na 98 inakuwa 36.7. Kisha humpima mtoto kwapani kwa kipimajoto cha zahanati, maana namba nzuri haimwondolei mgonjwa haki ya kuangaliwa. Homa huanza kuhesabiwa kwenye 37.5 kwapani, ambayo ni 99.5 ya Fahrenheit. Ile 98.6 inayosifika kama joto sahihi la mwili nayo ina historia yake. Daktari wa Kijerumani Carl Wunderlich mwaka 1868 alitoa wastani wa 37 baada ya kupima maelfu ya watu. 37 iligeuzwa kuwa 98.6, na ile sita ya mwisho ikawafanya watu wadhani mwili una usahihi wa sehemu ya kumi. Haukuwahi kuwa nao. Joto la mtu mzima wa afya hupanda jioni na kushuka alfajiri.

Ndani ya chumba cha pili kuna friji la chanjo. Mipaka yake ni 2 hadi 8 za Celsius, na hairuhusiwi kuvukwa. Wengi hudhani adui wa chanjo ni joto tu, kwa sababu tunaishi kwenye joto. Kwa chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na nyingine za namna hiyo, kuganda ni kubaya vilevile, na chupa ikishayeyuka haionyeshi jeraha kwa macho. Ili kuigundua, muuguzi hugandisha chupa moja ya aina hiyo hiyo kwa makusudi, huiacha iyeyuke, kisha hutikisa chupa hiyo na ile anayoitilia shaka kwa mkono mmoja, pamoja, na kuziweka mezani. Hukaa akitazama. Iliyoganda huzamisha mashapo yake haraka na kuacha maji meupe juu. Zikituama kwa mwendo mmoja, ile ya shaka hutupwa.

Miaka ya friji za mafuta ya taa na za gesi, kulishika joto kati ya 2 na 8 kulihitaji mtu aliyejua kukata utambi na kusoma rangi ya mwali. Friji za sola zimepunguza kazi hiyo, lakini hazikuifuta ile ya kusoma mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, na kuweka nukta kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kidude kidogo cha kielektroniki ndani yake hukumbuka siku 30 na kupiga kelele friji likikaa juu ya 8 kwa saa kumi mfululizo, au likishuka hadi 0.5 chini ya sifuri kwa saa moja. Tofauti ya muda huo inaeleza hatari zenyewe: joto hudhuru polepole, kuganda hudhuru upesi. Na kwenye chupa nyingi kuna mraba mdogo ndani ya duara, alama iliyoanza kutumika kwenye chanjo ya polio mwaka 1996, ambao hukolea rangi kadiri joto linavyojikusanya tangu kiwandani. Hauna nyuzi, hauna skeli, na hausahau.

Msimamizi mzoefu akifika hutazama zile nukta kabla ya kusalimia friji. Mstari ulionyooka, 5 asubuhi, 5 jioni, mwezi mzima, humtia wasiwasi. Friji la kweli hupanda kidogo baada ya kufunguliwa siku ya kliniki na kushuka usiku. Nukta zinazoyumba kati ya 3 na 6 ni ushahidi wa mtu aliyeinama na kusoma kweli.

Ipo skeli ya tatu isiyoonekana zahanati wala sokoni, lakini inashikilia zote. Mwaka 1848 William Thomson wa Glasgow, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipendekeza skeli isiyotegemea barafu wala zebaki, inayoanzia mahali ambapo hakuna baridi zaidi: 273.15 chini ya sifuri ya Celsius. Hatua zake ni sawa na za Celsius, mwanzo tu umehamishwa hadi chini kabisa. Kwa skeli hii ndipo unaruhusiwa kusema mara mbili. Mchana wa nyuzi 30 si moto maradufu kuliko alfajiri ya nyuzi 15. Kwa Kelvin ni 303 dhidi ya 288, ongezeko la sehemu tano tu kwa mia. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kelvin imefungwa kwenye namba isiyobadilika ya maumbile yenyewe, ile ya Boltzmann, na Celsius na Fahrenheit zote husomwa kutoka hapo. Maabara za vipimo, kama za Shirika la Viwango Tanzania lililoanzishwa mwaka 1975, hulinganisha vyombo vyao na vya mataifa mengine, kisha vya chini yao hulinganishwa navyo, hadi mnyororo huo wa kuulizana ufike kwenye chombo kilichomo ndani ya friji la kijiji.

Kutokana na hayo yote ningependa kitu kimoja kifanyike katika shule za sekondari za Magu, na hakigharimu zaidi ya sufuria, barafu na kipimajoto kisicho na namba. Wanafunzi waweke alama ya barafu, waweke alama ya mvuke wa Magu, waipe kila alama namba waipendayo, wagawe katikati, na skeli hiyo waipe jina la shule yao. Kisha watafute kanuni ya kuigeuza kuwa Celsius na Fahrenheit, wakikumbuka kwamba mvuke wao ni 96, si 100. Atakayeweza kufanya hivyo hatahitaji kukariri kanuni ya mtu mwingine. Akikutana na skeli yoyote duniani atauliza mambo mawili tu: imeanzia wapi, na hatua yake moja ina ukubwa gani.